Ruhusa Ambayo Mama Yako Hakuiomba

Mwanangu Idrisa,

Barua hii nataka kuiweka ndani ya boksi lako la bisibisi na vioo vya simu, kwa sababu ndicho kitu pekee katika mizigo yenu ambacho Zuhura hakigusi. Isome kwenye basi mkeo akisinzia. Ukishindwa, isome mkifika Tunduru. Ila iwe kabla ya Jumatatu asubuhi, maana Jumatatu ndiyo siku uliyoniambia utakwenda kumwona bosi wake.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na dawa ya tumbo la mtoto nimemwachia mama yako. Ameshazisema zote, nyingine mara mbili, na wewe umeitikia "sawa mama" kwa sauti ileile unayonijibu mimi nikikuuliza kama umefunga kufuli la duka. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na hilo moja halijaniacha nikae tangu Ijumaa.

Naandikia dukani. Nyumbani hakuandikiki, shangazi zako wamejaa sebuleni na kila mmoja amemshika Salma kwa zamu kana kwamba anasafiri peke yake. Hapa napo si shwari. Nikianza sentensi, fundi anaingia kutaka zipu. Nimeshasimama na kukaa mpaka kiti kimelalamika. Kwa hiyo ukiona nimeruka jambo katikati, ujue kuna mtu alitaka lastiki.

Ijumaa ulikuja hapa, ukaegemea kaunta, ukaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, Zuhura akipangiwa kwenda vijijini kusimamia visima, ataumia. Mtoto ana miezi minne. Tukifika nitamwona bosi wake kimya kimya, nimwombe ampe kazi za ofisini mpaka Salma aache ziwa. Zuhura mwenyewe hawezi kuomba, unamjua alivyo."

Mimi nilikuwa napima bitana ya mteja. Nikasema, "Wazo zuri hilo." Ukanishukuru, ukaenda zako.

Idrisa, wazo lile si zuri. Nalijua vizuri kuliko mtu yeyote hapa Kariakoo, kwa sababu nimewahi kulitekeleza.

Tangu siku ile nimejaribu kukuambia. Jana nilikufuata mpaka uani ulipokuwa unafunga magodoro, nikafungua mdomo, kikatoka kichekesho kuhusu godoro. Unanijua. Kwa mdomo mimi huchekesha watu, kwa kalamu angalau siwezi kuona kama umecheka.

Unajua kwamba mama yako aliwahi kuwa mzee wa baraza. Umenisikia nikikisimulia hicho kisa kwenye harusi, "mzee wa baraza mwenye mtoto ziwani," watu wakajipigapiga mapaja. Sasa kile ninachosimulia harusini ni nusu. Nusu nyingine huwa naiacha kwa sababu ndani yake nimo mimi.

Wakati ule kwenye mahakama ya mwanzo hakimu hakuwa anaamua peke yake. Alikaa na raia wawili wa kawaida, waliochaguliwa huku kwenye kata, wakaitwa wazee wa baraza hata kama kichwani hawana mvi hata moja. Walisikiliza kesi tangu mwanzo hadi mwisho, wakauliza maswali, na mwisho kila mmoja akasema anavyoona. Neno lao lilihesabika pamoja na la hakimu. Mama yako alichaguliwa kwa sababu mafundi wa mtaa huu walikuwa wakigombana juu ya kitambaa wanamletea yeye, hawaniletei mimi, na wakitoka wamenyamaza. Alikaa pale mbele na mstaafu mmoja wa bandari. Yule babu kila siku alimwita "mzee mwenzangu," naye akamwitikia bila kucheka.

Ukazaliwa wewe. Alipumzika, arobaini ikapita, akarudi. Siku za kesi shangazi yako Tabu alikubeba kwenye mbeleko kutoka hapa mpaka mahakamani. Hakimu alikuwa akienda kunywa chai, na karani, mama mmoja mwema, alimfungulia mama yako chumba chake ukanyonya katikati ya majalada. Mpango wote huo aliupanga mwenyewe. Hakuna aliyelalamika. Hata wewe, Tabu anasema, ulizoea ukawa unaamka ukisikia hakimu anasukuma kiti.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua unabebwa, basi. Nilichokiona ni mwanamke anarudi nyumbani kanga imelowa kifuani, miguu imevimba, anakaa na kuwaza huku ugali unapoa. Na nilichokiona zaidi, acha niseme ukweli wote, ni duka. Mama yako ndiye aliyezijua zipu. Siku moja nilimuuzia fundi zipu nyeusi nikiamini ni bluu ya giza, akazishona kwenye sketi za shule. Akarudi na sketi moja ameinyanyua juu kama bendera. "Baba Idrisa, hawa watoto wanakwenda shule au wanakwenda matangani?"

Halafu kulikuwa na kijiwe cha kahawa pale pembeni. Nikipita wanasimama wote kwa heshima. "Shikamoo, mume wa mzee." Mwingine anauliza, "Mzee yupo ndani tumletee shauri?" Mwenzake anamjibu, "Mwache, mzee ananyonyesha." Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wao. Nikifika nyumbani nilikuwa sicheki.

Kuna mteja, ngoja.

Nimerudi. Alitaka vifungo vya koti, na nimempa anavyotaka, usijali.

Kesi yenyewe ilikuwa ya wanawake wawili wa mitumba pale Mchikichini. Walikuwa marafiki na walinunua belo kwa ubia. Belo unalijua, unalinunua limefungwa na hujui kilichomo. Kwa hiyo wabia hulifungua pamoja, wote wakiwa wamesimama juu yake, kwa sababu anayefungua kwanza ndiye anayechagua kwanza, na nguo nzuri za belo zima zinaweza kuwa chache tu. Basi asubuhi moja mmoja wao alifika akakuta belo limeshafunguliwa na nguo nzuri zimekwenda. Akamshitaki mwenzake kwa wizi. Yule mwenzake akasema: wewe ulikuwa msibani na ndiye uliyenitumia salamu nifungue. Mshitaki akasema hakutuma salamu yoyote. Ndiyo hiyo tu, neno la huyu na neno la yule.

Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tena. Siku moja mama yako anakunyonyesha akaniambia, "Kuna swali moja halijaulizwa."

"Si uliulize."

"Nasubiri yule mama aliyeshitaki asimame tena."

"Hivi wewe huchoki?"

"Nachoka," akasema. "Kwani wewe ukichoka unafunga duka?"

Nilisikia neno "nachoka" tu. Hilo lingine lilipita.

Nikavaa shati langu la Iddi nikaenda kumvizia hakimu kwenye mgahawa anakonywa chai. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mke wangu ananyonyesha na hali yake si nzuri. Mwenyewe anaona haya kuomba." Unayasikia maneno hayo? Ndiyo yaleyale ya kwako ya Ijumaa, nimeyatangulia tu kwa miaka. Mama yako haoni haya kuomba kitu. Aliomba chumba cha karani, akapewa. Lakini mimi nilihitaji aone haya, ili nipate kazi ya kufanya pale.

Hakimu alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Akanishika bega. "Umefanya vizuri kuja. Wanaume wengi hawajali." Nikatoka pale shingo ndefu.

Kesi ilipotajwa tena, nilikwenda mahakamani mwenyewe nikakaa benchi la nyuma. Unajua nilifuata nini? Nilitaka kumwona anavyofurahi.

Hakimu aliingia, akakaa, na kabla hajaita mtu akamgeukia mama yako. "Mama, tumearifiwa hali yako na baba wa nyumbani. Mahakama hii haina moyo wa jiwe. Kuanzia leo umeruhusiwa, kalee mtoto wako. Tutapata mwingine."

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Mungu ambariki huyo mume." Nilijisogeza kidogo ili anione.

Mama yako akasimama. "Mheshimiwa, mimi nili..."

"Huna haja ya kushukuru, mama," hakimu akasema kwa upole kabisa, na akafungua jalada.

Alibaki amesimama. Yule mstaafu wa bandari akamtazama, akatazama mikono yake. Mama yako akachukua mkoba wake akashuka. Mlangoni akakutana na Tabu anaingia na wewe mgongoni.

"Mbona mapema, wifi?"

"Nimesamehewa."

"Kwani ulikosa nini?" Tabu akauliza.

Tulirudi kwa kukatiza Mnazi Mmoja. Yeye mbele, Tabu na wewe katikati, mimi nyuma na shati langu la Iddi. Tulipofika katikati ya uwanja akasimama.

"Ulikwenda kumwona lini?"

"Jumatano."

"Jumatano usiku tulikula pamoja."

"Ndiyo."

"Ukaniomba chumvi. Chumvi uliweza kuomba."

Nikamwambia nilitaka apumzike. Nikamwambia nilimwonea huruma, na Mungu anajua sikusema uongo.

"Ungenionea huruma ungembeba mtoto," akasema. Akakufungua mgongoni kwa shangazi yako, akakuweka mikononi mwangu, akaendelea na safari. Nilikubeba kutoka pale mpaka hapa, umelia njia nzima, na nilipopita kijiweni hakuna aliyesimama wala kuniamkia. Walinisogezea kikombe tu.

Yule mwanamke wa belo alitiwa hatiani. Sisemi alionewa. Labda aliiba kweli. Mimi sijui, mama yako hajui, na hilo ndilo gumu lake. Swali lake halikuulizwa na mtu mwingine. Nimeshamwuliza mara nyingi lilikuwa swali gani, na mpaka leo jibu lake ni moja: "Lilikuwa la mahakamani. Wewe si mahakama." Nimebahatisha maswali mengi. Kuna siku nilisimamisha kupima lastiki nikamwita nikamwambia, "Nimelipata." Akanisikiliza mpaka mwisho. "Siyo," akasema, akaendelea na hesabu zake.

Hakuitwa tena. Usidhani kuna mtu aliyemfanyia ubaya. Walikumbuka tu kwamba ana mtoto ziwani, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto huacha ziwa. Uliacha ziwa, ukaota meno, ukaanza shule, na kwenye kata jina lake bado ni la yule mama anayenyonyesha. Hakununa. Zipu zikarudi kwenye mpangilio, kila rangi mahali pake. Mimi mjinga nikahesabu kwamba yamekwisha.

Mpaka siku tuliyokwenda Mchikichini kukutafutia viatu vya darasa la kwanza. Ulikuwepo, ila najua hukumbuki, macho yako yote yalikuwa kwenye jezi za timu ya Jangwani. Mwanamke mmoja alikuwa anapanga nguo za watoto juu ya turubai. Akamtazama mama yako kwa muda.

"Dada, si wewe uliyekuwa unakaa na hakimu?"

"Ndiye mimi."

"Mbona siku ile ulishuka ukaondoka?" Aliuliza taratibu, hakuwa na ugomvi. "Mimi pale ndani nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuona una kitu unataka kuuliza. Nikasema moyoni, huyu akiuliza nitapata pa kusemea. Kisha nikaona unachukua mkoba. Nikajua basi, hata huyu ameniona mwizi."

Idrisa, mama yako alikuwa na haki ya kunigeukia. Nilikuwa nimesimama palepale, kiatu chako kimoja mkononi. Hakunigeukia.

"Nilikuwa na mtoto mchanga," akasema. "Ndiye huyu."

Yule mwanamke akakuangalia. "Kumbe wewe ndiye uliyeniondolea mzee wangu."

Na wewe ukamwuliza kama ana jezi ya kijani na njano ya saizi yako.

Alicheka, akakupekulia. Lakini mimi sikucheka, na unajua mimi hucheka kwa mambo madogo kuliko hayo. Niliwaza maneno yangu machache ya mgahawani, ambako hata chai nilinunuliwa na hakimu. Yalikuwa yamefika kwa mtu nisiyemjua jina, yakakaa naye miaka yote ile. Na lawama imekuangukia wewe, mtoto wa darasa la kwanza mwenye kiatu kimoja mguuni. Wewe hukumwondoa mtu mahakamani. Wewe ulikuwa unanyonya vizuri tu katikati ya majalada.

Ndiyo maana nakuambia. Jumatatu ukienda kwa yule bosi utamtaja Salma. Utasema "mtoto, mtoto," naye atakuelewa, kwa sababu watu wema wapo kila ofisi. Na kuanzia hapo kila kisima Zuhura asichokwenda kukisimamia kitakuwa kimezuiwa na Salma. Msichana hajui hata kukaa.

Nakujua pia una hofu nyingine, na hiyo huwezi kunificha maana niliivaa kabla yako. Unahama mji unaokujua kila kona kumfuata mke aliyepata kazi. Huko utakuwa mume wa mhandisi. Simu utatengeneza, wateja utapata, lakini kijiwe kitakuwepo, kila mahali kipo, na watakutafutia jina. Litauma kidogo. Cheka nao. Kisha ujitahidi, jambo ambalo mimi lilinishinda, kucheka na ukifika nyumbani.

Sisemi Zuhura lazima aende vijijini. Labda wiki ya kwanza itamshinda, labda ataomba ofisi mwenyewe kabla hujatandika godoro. Mimi sijui. Ila jana nilimsaidia kufunga begi lake lile kubwa, na buti zake za kazini ameziweka juu kabisa, juu ya nguo za mtoto. Na nilimsikia anamwuliza shangazi yako namna ya kufunga mbeleko kwa mwendo mrefu isimbane mtoto miguu. Alimwuliza ili akufundishe wewe. Tabu akamwambia, "Huyo mumeo mikono yake ni ya bisibisi." Zuhura akasema, "Atajifunza." Umeona? Ana mpango, na wewe umo ndani yake, na bado hujamwuliza.

Nilipofika hapo nilitaka kutia sahihi. Nikashika kalamu, nikaiweka. Nikatoka nje, nikarudi. Nilikuwa nimejaza kurasa hizi zote mambo ya mama yako, mengine hajawahi kumwambia mtu, na sikuwa nimemwuliza kama anataka yasemwe. Mume wa mzee ni yuleyule.

Kwa hiyo nimefunga duka mapema, mafundi wananinung'unikia, nikaenda nyumbani nikampa asome. Amekaa jikoni akasoma yote huku shangazi zako wanamwita. Sehemu ya buti aliirudia. Akaniuliza, "Hayo ya Ijumaa uliyakubali kweli?"

"Niliyakubali."

"Ukiwa unapima bitana."

"Nikiwa napima bitana."

Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama niichane. Akasema nikupe, ila nifute pale nilipoandika kwamba miguu yake ilikuwa imevimba. Nilipochukua kalamu akasema, "Acha. Ilivimba kweli." Nikamwuliza kama ana neno la kuongeza. Akasema neno lake si lako, ni la Zuhura, na kwamba wewe umwambie mkeo mwenyewe ulichotaka kufanya, kabla basi halijafika Kibiti. Likipita Kibiti hujasema, atapiga simu yeye.

Kwa hiyo habari ya boksi la bisibisi na habari ya Jumatatu zifute. Nitakupa barua hii mkononi pale stendi, ukae nayo dirishani uisome mji haujaisha. Mwambie Zuhura yote, na umwambie pia kwamba mimi nilisema ni wazo zuri. Atatukasirikia wote wawili. Njia ni ndefu, atapata nafasi ya kumaliza. Halafu umwulize anataka nini, na swali ukishaliuliza usilijibu wewe.

Mimi ni baba yako, na barua hii imepita kwa mama yako kabla ya kufika kwako.